Mwalimu Hajashusha Mguu

1

Nambike alibonyeza kidole gumba kwenye kifungo cha mkanda wa kiunoni mwa babu, na mkanda ukashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nyuzi zilizokuwa zimeshika mapaja ya babu zikalegea moja moja. Babu Senzota akayumba kidogo, akashika nguzo ya jiko, akatulia.

"Tafadhali sema sababu," ulisema mkanda kwa sauti yake ya kike, yenye adabu.

"Anaoga," alisema Nambike.

"Oga salama, mzee Senzota."

"Ahsante, mwanangu," babu aliujibu mkanda. Hakuwa mtu wa kumnyima mwenzake jibu, hata kama mwenzake ni mkanda. Kisha akavua kandambili, akaziegemeza ukutani, akaenda kusimama nyuma ya jiko, kwenye uwanja wanakoanikia tangawizi.

Hakuna aliyekuwa anaoga. Ndoo ilikuwa kavu, imepinduliwa juu chini.

Kitambaa cha picha kilining'inia kwenye kamba ya nguo, kati ya kanga ya Nambike na shati la babu. Nambike alikigusa pembeni kikawaka. Mwalimu akatokea: bibi wa Kichina, nywele nyeupe pee, nguo ya buluu inayopwaya, amesimama kwenye bustani ya mji fulani wa mbali na njiwa wanadonoa nyuma yake. Ilikuwa video ya zamani ya mazoezi ya taratibu ya Kichina, ya enzi zile watu walipokuwa wakijirekodi wenyewe na kujiweka mtandaoni ili atazame anayetaka. Kiswahili kilibandikwa baadaye, na aliyekibandika, kama ni mtu au ni mashine, hakuhangaika sana.

"Wanafunzi wapendwa wa tai chi," ilisema sauti. "Uzito wako umimine mguu wa kulia, kama chai."

"Naumimina," alisema babu.

"Sasa chana nywele za farasi wa porini."

"Huyu farasi nimeshamchoka. Tangu nimjue namchana tu, hata siku moja hajanibeba."

"Babu, usiongee, unamaliza pumzi."

"Mke wangu, mume akinyamaza nyumbani, majirani watachimba kaburi."

Ndivyo alivyomwita, mke wangu, tangu anatambaa, kama mababu wa milima ya Upare wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Nambike alimaliza darasa la saba akabaki kwa babu, mashamba ya tangawizi yakawa yao wawili. Hakuwa mwenye maneno mengi. Alikuwa mtu wa kutazama. Angeweza kutazama chungu mpaka akajua kitachemka upande gani kwanza.

"Jogoo wa dhahabu," ilisema sauti, "asimame mguu mmoja."

Bibi wa Kichina akainua goti, mkono ukapanda nalo kama umefungwa kamba. Na hapo, kama kawaida, akaganda. Njiwa mmoja akabaki hewani, mbawa wazi. Sauti ikakatika.

Kipande kile cha video kilikuwa kimeharibika. Nambike alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na siku hiyo ya kwanza alinyoosha mkono akisogeze mbele. Lakini alipogeuka akamwona babu: goti juu, mkono juu, anatetemeka kama jani la mpapai, macho kwa mwalimu.

"Babu, shusha mguu, utaanguka!"

"Mwalimu hajashusha," babu alisema kwa meno yaliyokazana. "Mimi ni nani nishushe?"

Nambike alitaka kumwambia kwamba mwalimu hasubiri chochote, picha imekwama. Neno likafika mdomoni, likarudi. Zaidi ya miaka miwili babu hakuwahi kusimama bila kushikwa na kitu. Akarudisha mkono wake taratibu, akangoja pamoja naye mpaka picha iliporuka yenyewe na njiwa akatua.

2

Jina la mkanda kwa serikali lilikuwa mkanda wa mizani. Watu waliuita Nishike.

Sheria ilisema mzee akianguka mara moja tu, anavalishwa. Babu alianguka akishuka na gunia la tangawizi, akavalishwa hospitalini kabla hata hajauliza viatu vyake viko wapi. Ndani ya Nishike kulikuwa na magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi. Ukiinama kidogo tu, yanakuvuta urudi wima kabla hujajua kwamba umeinama. Ukikaribia korongo au ngazi, mkanda unasema, "Hatari. Ukingo. Tafadhali kaa," nyuzi zinakaza, magoti yanajikunja, unakaa. Utake usitake.

Hicho ndicho kilichomuuma babu. Nyumba yao ndiyo iliyochimba ndiva ya kijiji, bwawa la mlimani linalokusanya maji ya kumwagilia. Desturi ilikuwa hivi: kila mwaka, baada ya msaragambo, siku watu wote wanapopigiwa pembe kwenda kutoa tope, mzee wa nyumba hiyo hupita juu ya ukuta wa ndiva na kuchomoa gogo la kuzibia maji kwa mikono yake. Miaka miwili mfululizo babu alifika ukutani, na miaka miwili Nishike ikamkalisha chini mbele ya kijiji kizima, kama mtoto aliyekatazwa. Kamati ilikuwa na subira, lakini subira nayo ina mwisho wake. Lango la umeme lilishanunuliwa, liko ndani ya kasha kwenye stoo ya kanisa. Mwaka huu Senzota akishindwa, linafungwa ukutani. Gogo litakwenda jikoni.

Mzee Mndeme, rafiki yake wa tangu utoto, alikuwa kwenye kamati hiyo. Aliingia uani bila hodi, wakati babu yuko katikati ya zoezi la mikono ya mawingu.

"Senzota! Unafukuza nzi taratibu hivyo, unawaonea huruma?"

"Mimi nawafukuza. Kwako wanatua."

"Eti unajifunza kusimama! Kwa mama wa kwenye kitambaa! Nani kakudanganya? Tazama mwanamume anavyosimama." Mzee Mndeme akajipigapiga kiunoni, kwenye Nishike yake, akajiinamisha mbele, akainama na kuinama, kama ngazi iliyokosa ukuta. Magurudumu yakalia. Akabaki hivyo, ananing'inia hewani, anacheka. "Unaona? Mizizi!"

Siku zile mawingu yalikuwa yameulalia mlima, na Nishike inakula jua. Mlio wake ukapanda, ukawa mwembamba kama wa mbu, ukanyamaza.

Mzee Mndeme akaanguka.

Nambike ameona watu wengi wakianguka, mlima ule una utelezi. Mtu akianguka mikono hutangulia, hata mlevi mikono yake hutangulia. Ya Mzee Mndeme haikutoka ubavuni. Alikwenda chini kama gunia, macho wazi, ana mshangao usoni. Bahati yake alitua juu ya tangawizi iliyoanikwa.

Walimwinua, wakamketisha. Kipande cha tangawizi kilikuwa kimenasa kwenye ndevu.

"Haikukwambia kama chaji inaisha?" aliuliza babu.

"Iliniambia asubuhi. Nikaizima sauti. Inasema kama marehemu mke wangu." Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Akanyoosha mikono yake mbele, akautazama mmoja, akautazama wa pili. "Senzota," alisema polepole, "mikono haikujua."

3

Nesi wa mikanda aliitwa Ndeshi, Mchaga wa Kibosho, na Wapare na Wachaga ni watani, kwa hiyo kila alipofika pale hakuna aliyezungumza vizuri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo umekuja kutuuzia nini?"

"Nimekuja kuuliza habari za maji. Mkanda unaniletea ripoti kwamba unaoga kila siku ya Mungu, na unaoga mpaka chai inapoa. Babu, nimekaa Upareni muda sasa. Sijawahi kumwona Mpare anayemwaga maji kiasi hicho."

"Nina mke kijana, lazima ninukie."

Nesi Ndeshi akacheka mpaka akashika ubavu. Akiwa bado anacheka, macho yake yakashuka kwenye miguu ya babu. Ilikuwa na vumbi jekundu mpaka vifundoni. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama maji ya mfereji yaliyofungwa juu.

Nambike akamsindikiza. Walipofika kwenye migomba nesi alisimama.

"Mdogo wangu, sikuulizi anaoga nini. Nakwambia kitu kimoja tu. Mwangalizi wake ni wewe. Kidole ni chako. Akianguka bila mkanda hawatamhoji yeye, watakuja na gari wamchukue, wampeleke ile nyumba ya wazee huko chini, ya sakafu laini. Umeshafika?"

"Bado, dada."

"Sakafu unakanyaga kama godoro. Kuta godoro. Hawaanguki kule, hata mmoja." Akageuka kuitazama nyumba ya babu. "Na kusimama hawasimami. Nimefanya kazi pale. Siku ya ndiva nitakuwepo, nimetumwa. Usinitie majaribuni."

4

Jioni hiyo Nambike alipakua makande, akasubiri babu ale nusu ya sahani.

"Babu, siku ya ndiva sitafungua mkanda."

Babu alitafuna. "Maharage ya leo yameiva vizuri."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mke wangu. Kidole ni chako."

Babu angegomba, Nambike angegomba naye na mambo yangekwisha. Lakini aliosha sahani yake mwenyewe, akaifunika, akamtakia usingizi mwema kwa sauti ile ile ya siku zote. Hilo ndilo lililomkosesha Nambike usingizi.

Kesho yake babu alivua kandambili kama kawaida, akasimama, akangoja, wala hakuomba. Nambike akafungua. Halafu, bila kujua kwa nini, akavua na yeye ndala zake akaenda kusimama pembeni ya babu.

"Karibu shuleni," alisema babu. "Ada hatulipi."

Wakamimina chai mguu wa kulia. Wakachana farasi. Mwili wa Nambike ulikuwa wa kubeba ndoo mlimani, akaona ni mchezo wa watoto. Jogoo akainua mguu, mwalimu akaganda, nao wakainua.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha kifundo chake kikaanza kubishana na goti. Akayumba huku, akayumba kule, akaruka ruka, akadaka kanga kwenye kamba, na kamba yote ikashuka naye: kanga, shati, mwalimu na njiwa wake.

Kitambaa kilikuwa kimemfunika kichwa.

"Ameshusha?" aliuliza babu.

"Nani?"

"Mwalimu. Mimi simwoni."

Nambike, chini ya kitambaa, akatazama. Picha ilikuwa hapo hapo, puani mwake, goti juu. "Bado."

"Basi nangoja."

Nambike alicheka mpaka machozi. Alipokitoa kitambaa usoni alikuwa amelala ubavu, jicho lake liko usawa wa ardhi, na hapo akauona mguu wa babu uliosimama. Haukuwa umetulia hata kidogo. Vidole vilifunguka, vikashika udongo, vikaachia, vikashika tena. Kisigino kikanong'ona kitu na vidole vikajibu. Juu kule babu alionekana kama nguzo, na chini kulikuwa na baraza zima linazungumza. Mguu ulikuwa unajua.

Akakumbuka mikono ya Mzee Mndeme.

Akajiuliza kwa uaminifu, kama mtu anavyojiuliza akiwa bado yuko chini, anaogopa nini hasa. Jibu halikumpendeza. Babu angeanguka ndani ya mkanda, watu wangesema bahati mbaya. Angeanguka kwa kidole chake, wangesema Nambike. Alikuwa amemfunga babu kwa kulihofia jina lake mwenyewe.

5

Pembe ililia alfajiri, na mlima mzima ukashuka na majembe na karai. Walitoa tope mpaka ndiva ikaonyesha mawe yake ya chini, wakapika, wakala, wakaiacha ijae usiku. Asubuhi ya pili maji yalikuwa yamefika ukingoni, yametulia, mawingu yamelala ndani yake.

Ukuta ulikuwa mwembamba, umelowa umande. Upande mmoja maji, upande wa pili mteremko mpaka kwenye mashamba. Katikati yake gogo, limesimama.

Watu walijipanga kwenye kilima. Kasha la lango la umeme lilikuwa limeshaletwa, limekaa kwenye majani na fundi ameketi juu yake. Nesi Ndeshi alisimama karibu na ukuta, amevaa sare, mikono nyuma.

Babu akapiga hatua.

"Hatari. Ukingo," ulisema mkanda. "Tafadhali ka—"

"Ngoja," alisema Nambike.

Akapita mbele za watu, akapiga goti mbele ya babu, akabonyeza kifungo kwa kidole gumba.

"Tafadhali sema sababu."

Watu wote walisikia. Nambike alifungua mdomo aseme lile neno la kila siku, akaona hawezi. Si hapa, mbele ya maji ya watu.

"Anakwenda kufungua ndiva," alisema.

"Sababu haitambuliki. Tafadhali sema sababu."

"Anakwenda kufungua ndiva ya babu zake!"

"Sababu haitambuliki."

Kilima kikaguna. Fundi akainuka kwenye kasha. Babu alimwekea Nambike kiganja kichwani, akasema taratibu, "Basi, mke wangu. Umefungua. Aliyekataa ni mkanda."

Nishike ilikuwa inatii sauti mbili tu duniani, ya mwangalizi na ya nesi. Nesi Ndeshi alitazama mbali, kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani.

"Anaoga," alisema.

Mkanda ukashusha pumzi. "Oga salama, mzee Senzota."

"Ahsante, mwanangu."

Akapanda ukutani. Hakuwa na haraka. Alimimina uzito mguu wa kulia, akausubiri ufike, ndipo akaupeleka wa kushoto. Alipita kama mtu anayekatisha chumba alicholala mtoto. Alipofika kwenye gogo akalikumbatia, akalitikisa, akalivuta. Gogo likakataa. Akavuta tena, nalo likatoka ghafla, lote, na jiwe lililokuwa chini ya mguu wake wa kulia likang'oka likaporomoka mteremkoni.

Mwanamke mmoja alipiga yowe.

Nambike alikuwa ameshainua unyayo akimbie. Kisha akaona. Goti la babu lilikuwa juu. Mkono ulikuwa umepanda nalo, kama umefungwa kamba. Gogo lilikuwa kwapani mwa mkono wa pili. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya ukuta wa ndiva, anatazama mbele, na chini, Nambike alijua bila kuona, vidole vilikuwa vinazungumza.

Akikimbia atamtikisa. Akiita atamgeuza. Kwa hiyo alifanya kazi aliyoizoea. Alisimama, akangoja naye.

Maji yakatoka kwa kishindo, yakagonga mawe, yakaruka, yakamlowesha babu kuanzia kichwani mpaka kisiginoni. Yakaingia mferejini, yakashuka yakiimba. Babu bado.

"Senzota!" Mzee Mndeme akapaza sauti kutoka chini. "Shusha mguu, maji yameshafika kwangu!"

Babu akafikiri kidogo. Kisha akatafuta jiwe jingine kwa kidole gumba cha mguu, akalijaribu, akaushusha.

Kilima kikalipuka kwa vigelegele. Babu akarudi njia ile ile, anachuruzika maji mpaka kwenye ndevu, akasimama mbele ya Nesi Ndeshi.

Nesi alimtazama juu mpaka chini. "Si nilisema anaoga?" alisema. "Na usiniguse, utanilowesha. Mjukuu, mletee babu yako kitu cha kujifutia."

6

Nesi alirudi baada ya siku chache. Alikuwa na taulo mkononi, zawadi ya mtani, na kwenye simu yake alikuwa na video ya mwalimu, nakala nzima isiyo na dosari. Aliitafuta mwenyewe, alisema, maana wazee wengine wameanza kuuliza habari za kuoga, Mzee Mndeme akiwa wa kwanza.

Jioni Nambike aliihamishia nakala hiyo kwenye kitambaa, akakitandaza kwenye kamba. Uani palikuwa na babu na Mzee Mndeme, ameshika nguzo ya jiko kwa mikono miwili.

"Jogoo wa dhahabu asimame mguu mmoja."

Mwalimu akainua goti. Babu akainua lake, akajiandaa. Njiwa akapiga mbawa, akapita, akatua. Mwalimu akashusha mguu, akaendelea na mambo yake.

Babu hakushusha. Alibaki hewani, amekunja uso, kama mtu aliyeachwa katikati ya sala.

"Leo ana nini huyu?" aliuliza. "Mbona ana haraka? Ana mgonjwa nyumbani?"

Nambike alimtazama babu, akamtazama bibi wa Kichina anayezidi kwenda peke yake. Neno lile la siku ya kwanza, kwamba picha ilikuwa imekwama tu, likafika tena mdomoni. Akatabasamu, akalimeza kwa mara ya mwisho.

Alirudisha picha nyuma kidogo, mpaka goti lilipopanda na njiwa akafungua mbawa. Kisha akaweka kidole gumba chake juu ya kitambaa, akabonyeza.

Mwalimu akasimama, mguu juu.

"Ehee," alisema babu. "Hapo sawa."

Wakangoja.